Upasuaji wa matundu si upasuaji mdogo

Jumapili, kwenye mchango wa mama mmoja jirani yetu hapa Umoja, nilisikia tena: "Afadhali, anafanyiwa upasuaji mdogo tu." Mama ana saratani ya puru, yaani zile sentimita 15 hivi za mwisho za utumbo mpana. Anachoenda kufanyiwa ni laparoskopi. Daktari hatumbui tumbo zima. Hutoboa matundu machache, hujaza tumbo gesi ya kaboni dioksaidi lipate nafasi, kisha huingiza kamera na vifaa vyembamba. Basi.

Jina hilo la Kigiriki halitaji udogo wowote. Lapara ni ubavu, pale palipo laini chini ya mbavu. Skopein ni kutazama. Udogo tumeuongeza sisi, na nadhani umetokana na neno letu wenyewe. Tunapasua kuni, tunapasua kitambaa, kwa hiyo upasuaji tunaupima kwa urefu wa mpasuo. Kovu likiwa fupi, kazi nayo tunaiona fupi. Isitoshe, hospitalini "upasuaji mdogo" una maana yake tayari: kutumbua jipu, tohara, ganzi ya mahali pamoja, na jioni uko nyumbani.

Huyu mama atalazwa kwa nusukaputi. Puru itakatwa pamoja na mafuta yaliyoizunguka na tezi za limfu zilizomo, vyote vikitoka kama kifurushi kimoja kisichochanika, namna daktari Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alivyoeleza mwaka 1982. Hilo halibadiliki, tumbo lifunguliwe au litobolewe. Utafiti wa COLOR II, uliofuata wagonjwa 1,044, ulikuta njia ya matundu ikichukua dakika 240 na ile ya wazi 188. Damu iliyopotea ilipungua kwa nusu, lakini siku za kulazwa zilikuwa 8 badala ya 9. Baada ya miaka 3, saratani ilikuwa imerudi pale pale kwa asilimia 5 ya wagonjwa wa kila upande. Na utumbo ulipounganishwa panaweza kuvuja, ndiyo maana wengi huwekewa mfuko wa choo tumboni kwa muda.

Nilimvuta kijana wake kando, nikamwambia taratibu: ukiulizwa, sema ni upasuaji mkubwa kupitia matundu madogo. Na kibanda cha mboga mtafutieni mtu wa kukishika, si kwa siku mbili, kwa wiki kadhaa.