Ufafanuzi kuhusu Huo Qubing, jenerali kijana wa enzi ya Han nchini China

Tangu vipande vya video kuhusu Huo Qubing vianze kusambaa kwenye simu, dawati letu la historia limepokea maswali mengi, na baadhi yake yanahitaji majibu ya wazi.

Hakufia vitani. Tumeshalisema sana hili. Alifariki mwaka 117 KK, miaka miwili baada ya vita vyake vikubwa vya mwisho, akiwa na miaka 24 kwa hesabu ya Kichina, ambapo mtoto huzaliwa tayari ana mwaka mmoja. Anayesema 23 naye yuko sahihi, msigombane. Ile habari kwamba alimimina mvinyo aliopewa na mfalme kwenye chemchemi ya Jiuquan ili askari wake wote wanywe, isimulieni kama ngano.

Mwaka 123 KK, katika jeshi la mjomba wake Wei Qing, alitangulia mbele na wapanda farasi 800. Waxiongnu, wafugaji wahamaji wa nyika za kaskazini waliokuwa maadui wa Han, waliouawa na kutekwa walikuwa 2,028. Ziangalieni hizo 28. Jeshi la Han liliendeshwa kwa daftari: vichwa na mateka vilihesabiwa, na kwa hesabu hiyo jemadari alipewa kaya za kumlipa kodi, au akatoka mikono mitupu. Aliyechelewa mahali pa kukutania alihukumiwa kifo. Hukumu hiyo iliweza kukombolewa kwa malipo, mhusika akavuliwa cheo na kubaki raia wa kawaida, kama walivyofanywa majemadari Zhang Qian na Gongsun Ao mwaka 121 KK. Gongsun Ao alitakiwa kukutana na Huo, akapotea njia. Huo hakumsubiri, akasonga hadi milima ya Qilian. Mwaka 119 KK jemadari mzee Li Guang naye alipotea jangwani. Alikataa kwenda kuhojiwa na makarani, akajikata shingo.

Wanaodai Huo aliwapenda askari wake kama ndugu wamsome mwanahistoria Sima Qian, aliyeishi zama hizo hizo. Mfalme alimpelekea mikokoteni ya chakula. Ikarudi na nyama iliyoachwa kuharibika, huku askari wana njaa, na yeye akicheza mpira.

Mnauliza pia adhabu aliyopata kwa kumuua Li Gan, mwana wa Li Guang, kwa mshale mawindoni. Daftari lipo na sheria ilikuwepo. Lakini Mfalme Wu alitangaza kwamba marehemu alipigwa pembe na kulungu.