Samaki wa baharini: kinga ianzie kwenye chakula

Samaki mgonjwa hali chakula. Mfugaji wa mwatiko, samaki wa baharini anayefugwa mabwawani, analijua hilo: ukimwaga chakula, wazima wanakirukia, wagonjwa wanazubaa pembezoni mwa bwawa. Sasa changanya antibayotiki humo. Atakayeila ni yule mzima, na punje zilizobaki zinazama topeni, ambako bakteria wanaizoea dawa hadi inakuwa haiwatishi tena.

Maji chumvi yanazidisha tatizo. Samaki wa baharini hunywa maji ya bahari ili mwili usikauke, na maji hayo yamejaa magnesiamu na kalsiamu. Madini hayo huing'ang'ania oksitetrasaiklini, dawa inayotumika sana kwenye ufugaji wa samaki, ikashindwa kupenya utumbo vizuri. Nyingi hutoka na kinyesi.

Kwa hiyo watafiti wamegeukia utumbo wenyewe, kuamsha kinga kupitia chakula. Mimi navutiwa zaidi na beta-glukani, aina ya wanga inayopatikana kwenye kuta za chembe za hamira, hamira ile ile ya maandazi. Mwili wa samaki huidhania kuvu aliyevamia, kinga ikaamka kabla adui hajafika. Wape samaki kwa wiki chache kabla ya kuwahamisha au kuwapunguza bwawani. Ukiwapa mfululizo, nguvu yake inaweza kufifia. Wapo pia bakteria rafiki, wanaoshindana na bakteria wa Vibrio, adui mkubwa wa samaki wa baharini, kwa nafasi na chakula. Mmoja wa rafiki hao, Bacillus, hustahimili joto la mashine ya chakula kwa sababu ya mbegu zake ngumu. Mwingine, Lactobacillus, hufa, hivyo subiri punje zipoe, ndipo umpake juu yazo kwa mafuta kidogo. Asidi za kikaboni na kitunguu saumu navyo vinajaribiwa, ila matokeo yake hutofautiana sana.

Niseme wazi: Norway, iliyotumia karibu tani 50 za antibayotiki kwa samaki mwaka 1987 na sasa haifikishi hata tani moja kwa mwaka, iliokolewa hasa na chanjo. Lakini kifaranga mchanga hachanjiki, kinga yake haijakomaa. Na mwatiko wengi wa pwani yetu huvuliwa baharini wakiwa vifaranga, wakaingizwa bwawani bila chanjo yoyote. Hapo ndipo chakula kina kazi kubwa.

Samaki wakishaanza kufa, usitafute kitunguu saumu. Punguza chakula, badilisha maji, mwite daktari wa mifugo apime ni bakteria gani kabla hujanunua dawa yoyote.