Kutu ya Mbuni Haina Chuma

Mkulima wa Kibosho, Kilimanjaro, akikwambia shamba lake limeshika kutu, usitazame panga wala jembe. Geuza jani la mbuni, yaani mti wa kahawa. Juu utaona mabaka ya njano iliyofifia, chini utakuta unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni ukiugusa. Ni rangi ya bati lililochakaa kabisa, na jina la ugonjwa huu wa kahawa limetoka hapo.

Jicho la namna hiyo halikuwa letu peke yetu. Warumi wa kale walikuwa na neno moja, robigo, la kutu ya chuma na la ugonjwa ulioifanya ngano yao kuwa nyekundu. Waliuogopa kiasi cha kuwa na mungu wake, Robigus, na kila tarehe 25 Aprili walimchinjia mbwa ili asiiguse mimea. Wareno wanauita ferrugem, Wafaransa rouille, Wajerumani Rost: wote wamechukua neno la kutu ya chuma. Waspania wanasema roya, neno la wekundu tu, chuma hakimo. Kwa maoni yangu hao ndio waliotuzidi akili.

Nasema hivyo kwa sababu neno letu linawavuta watu kwenye chuma. Nimeshaulizwa kama maji ya mvua yanayotoka kwenye bati bovu yanaweza kuambukiza mibuni, na kama panga lenye kutu likitumika kupogolea linaacha ugonjwa. Safisha panga lako kwa sababu nyingine, lakini kutu hii haitoki huko. Kutu ya bati ni chuma kilichokutana na hewa na unyevu. Kutu ya mbuni ni kuvu, au fangasi kama tunavyosema kwenye maduka ya pembejeo: kiumbe hai anayekula jani likiwa hai. Tena mbuni wenyewe unahitaji chuma kidogo. Ukikikosa, majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, na hapo hutaona unga wowote.

Kuvu wa kahawa alipewa jina la kisayansi mwaka 1869 na Waingereza wawili, Berkeley na Broome, kutokana na majani yaliyotoka Sri Lanka. Walimwita Hemileia vastatrix. Sehemu ya kwanza maana yake ni nusu laini, kwani kila chembe ya ule unga ina vijimiba upande mmoja na upande mwingine ni laini. Ya pili ni mharibifu, tena wa kike. Sijui walikuwa wakimfikiria nani. Jina lilistahili. Katika miaka iliyofuata kahawa ya Sri Lanka iliporomoka na mashamba yakageuzwa ya chai. Mwaka 1970 kuvu huyo alionekana Brazili.

Tatizo la pili la neno hili ndilo linalotugusa zaidi huku Kilimanjaro. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kwa kawaida kina mibuni chini ya migomba, maharage katikati, labda na mahindi pembeni. Maharage yana kutu yake, mahindi nayo yana yake. Mama mmoja wa Uru alitaka kung'oa maharage yote kwa kuwa "yameleta kutu kwenye kahawa". Nikamwambia, mama, maharage hayana kosa. Kutu ya maharage ni Uromyces appendiculatus, ya mahindi ni Puccinia sorghi, na hakuna hata moja inayoweza kuishi kwenye mbuni. Kuvu wa kundi la kutu ni maelfu ya aina, na wengi wao huchagua sana mmea wa kula.

Chule, ugonjwa mwingine wa kuvu, nayo ina mtego huohuo. Chule ya maharage na chulebuni, yaani chule ya kahawa, husababishwa na kuvu ndugu wa ukoo wa Colletotrichum, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Chulebuni huozesha matunda ya kahawa yakiwa mabichi. Hupenda baridi na unyevu wa vihamba vya juu, wakati kutu hushamiri zaidi ukanda wa chini kwenye joto. Kwa hiyo jirani wa juu na jirani wa chini wakibishana ni ugonjwa gani mbaya zaidi, huenda wote wana haki.

Sasa dawa. Chembe za kutu huhitaji maji yaliyotulia juu ya jani kwa saa kadhaa ili zichipue, kisha huingia kupitia vitundu vya kupumulia, ambavyo kwenye mbuni viko upande wa chini wa jani. Anayepuliza kopa, dawa ya shaba, juu tu, jani likawa la bluu kama ukuta uliopakwa rangi, amepoteza fedha. Bomba lielekezwe juu kutoka chini, na dawa itangulie ugonjwa, kwa sababu kopa huzuia chembe kuchipua. Haimtoi kuvu aliyekwisha kuingia ndani. Kupogoa vizuri ili upepo upite hukausha majani mapema, na kazi hiyo haina gharama ya dukani.

Mibuni ya zamani kama N39 na KP423 ina kahawa tamu lakini ni dhaifu mbele ya kutu. Chotara zinazotolewa na TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, pale Lyamungu zinaistahimili pamoja na chulebuni. Sehemu kubwa ya ustahimilivu wa kutu katika kahawa za dunia ilitokana na mbuni uliopatikana kisiwa cha Timor miaka ya 1920, ambako aina mbili za kahawa, arabika na robusta, zilichanganyika zenyewe bila mtu kuzishika mkono.

Ukinitumia picha, nipigie jani pande zote mbili, na uandike ni la mmea gani. Ujumbe wa "nina kutu, nipige dawa gani?" nitaujibu kwa kuuliza: kutu ya nini?