Je, wajua kwa nini figo hupigwa picha ilhali mkojo umeshapimwa?

Khalati yangu, mkaazi wa Lamu, aliugua figo mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara homa ya kutetemesha, kutapika, na maumivu ubavuni yasiyompa usingizi. Mkojo ulipimwa, akameza antibayotiki, akapata nafuu. Mara ya tatu daktari akamwandikia altrasaundi, picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Khalati akaniuliza, "Mwanangu, vijidudu vishaonekana kwenye mkojo, picha ni ya nini tena?"

Swali lake ni la haki. Kipimo cha mkojo hutaja kijidudu na dawa ya kukiua. Kinachokifanya kirudi hutafutwa kwenye figo zenyewe na njia ya mkojo.

Mkojo unaotiririka vizuri huosha vijidudu na kuvitoa. Ukizibwa, unatuama, na vijidudu huzaana humo. Mkojo ukiwa umezibwa na homa ipo, hiyo ni dharura: lazima utolewe kwa mrija, dawa peke yake haitoshi. Kuna pia mawe. Bakteria wa jamii ya Proteus huivunja yurea, taka iliyomo kwenye mkojo, na kuufanya mkojo upoteze asidi, mawe yakajijenga, nao wakajificha ndani yake. Antibiotiki haiwafikii vyema humo. Ndiyo sababu mtu anapona leo, mwezi ujao anaanza upya.

Kwetu pwani usisahau kichocho. Aliyeoga mtoni au kwenye madimbwi ya maji yasiyo ya chumvi utotoni huenda akabaki na makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo. Mirija ikibana, figo huvimba.

Khalati alilazwa ubavu, akapakwa jeli ya baridi. Kwenye kioo, mkojo huonekana mweusi kwa kuwa ni maji. Figo iliyozibwa huwa na weusi uliotanuka katikati. Jiwe hung'aa jeupe, na nyuma yake hushuka kivuli cheusi. Lake nililiona hivyo hivyo, kisha mpimaji akamtuma chooni na kukipima kibofu tena, aone mkojo uliosalia.

Altrasaundi haina mionzi, hata mjamzito hupimwa. Ila mawe yaliyo kwenye mirija huyakosa mara nyingi, na hapo siti skani, picha ya eksirei inayoundwa na kompyuta, huona zaidi. Ikihitaji dawa ya kuchomwa mshipani ili picha ionekane vizuri, figo hupimwa kwanza kwa damu. Si kila mgonjwa wa mara ya kwanza anahitaji haya. Lakini homa ikikataa kushuka baada ya siku tatu za dawa, au ugonjwa ukirudi rudi, iombe picha bila haya.

Picha hizo usizitupe. Figo ya mtu mzima huwa na urefu wa kama sentimita 10 hadi 12, na iliyojaa makovu hunywea. Daktari akiwa na ya zamani mkononi ataona imepungua kiasi gani. Ya khalati imo kwenye bahasha, sandukuni, chini ya leso zake.