Jaribu kwanza, sakinisha baadaye: Linux nyepesi kwenye kompyuta ya zamani

Tangu Microsoft ilipohitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10, mfumo endeshi wa kompyuta nyingi, tarehe 14 Oktoba 2025, kitengo chetu kimekuwa kikipokea malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaosema kompyuta yao ni nzima lakini Windows 11 inaikataa, kwa kuwa haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa yake haimo kwenye orodha ya Microsoft ya zinazokubalika. Hao tunawaelekeza kwenye Linux nyepesi, yaani mfumo endeshi mwingine usiohitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Wapo pia waliokwisha kuiweka Linux wenyewe, kisha wakapoteza faili zao. Kundi hili la pili ndilo linalotusikitisha, maana hasara hiyo inaepukika kabisa.

Kwanza suala la leseni, kwa sababu bado tunaulizwa karibu kila siku. Mifumo hii ya Linux ni huria. Kuipakua, kuinakili na kumgawia mwenzako ni halali, na haina namba ya leseni. Fundi anaweza kukutoza kwa kazi yake au kwa flashi, na leseni inamruhusu. Anayekuuzia “ufunguo” wa Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, anakuibia.

Kuchagua toleo kunategemea RAM (kumbukumbu ya kazi) na prosesa, si mwaka ulionunua kompyuta. Mwenye GB 4 au zaidi achukue Linux Mint ya Xfce (mwonekano mwepesi wa dawati). Watengenezaji wake wanasema inaanzia GB 2, lakini wao wenyewe wanashauri 4, nasi tunashauri hivyohivyo. Mwenye GB 2 ajaribu Lubuntu, toleo jingine jepesi. Kwa prosesa ya biti 32, aina ya zamani, chaguo zinazidi kupungua: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo, na Mozilla imeacha kutengeneza Firefox ya Linux ya biti 32 kuanzia toleo la 145. Toleo la antiX 23, lililojengwa juu ya Debian 12, bado linawaka humo, ila usilitegemee kwa shughuli za benki kwa miaka mingi ijayo.

Ukishapakua faili la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima, lihakiki. Hatua hii hurukwa na wengi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda yenye faili, uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zilizochapishwa na watengenezaji. Ikitofautiana hata moja, lifute faili upakue upya. Mara nyingi kosa ni upakuaji uliokatika, lakini si mara zote: Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye ISO iliyopachikwa mlango wa siri. Mdukuzi aliyeingia kwenye tovuti anaweza kubadili hata namba za uhakiki, ndiyo maana watengenezaji hutoa pia sahihi ya GPG (saini ya kidijitali inayothibitisha aliyetoa faili). Anayeweza kuihakiki ISO kwa sahihi hiyo asiiruke hatua hii.

Andaa flashi ya GB 8 ambayo huna haja na vilivyomo, kwa kuwa vyote vitafutwa. Kuburuta ISO na kuidondosha kwenye flashi hakutoshi, na kompyuta haitawaka. Tumia Rufus au balenaEtcher, programu za kuandika ISO kwenye flashi. Kwenye Rufus utaulizwa mpangilio wa flashi: mashine yenye BIOS (programu ya zamani ya kuiwasha kompyuta) inataka MBR, yenye UEFI (mrithi wake mpya) inataka GPT. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F12, F9 au Esc kutegemea mtengenezaji, uchague flashi. Mfumo utawaka bila kugusa diski yako, mradi hujabonyeza alama ya kusakinisha.

Sasa jaribu kweli. Sikiliza sauti, unganisha Wi-Fi, chapisha ukurasa mmoja, funga mfuniko wa laptopu kisha uufungue uone kama inaamka. Fungua kivinjari na kurasa zote unazozitumia kwa pamoja, halafu andika free -h kwenye terminali (dirisha la amri la Linux) uangalie safu ya “available”, yaani RAM iliyobaki. Ikikaribia sifuri, hakuna toleo litakalokuokoa: kivinjari ndicho kinachokula RAM, nacho hula vilevile kwenye mfumo wowote. Programu zikichelewa kufunguka usiilaumu Linux bado, kwani zinasomwa kutoka kwenye flashi, na tundu la USB 2.0 ni la polepole.

Skrini ikibaki nyeusi, mara nyingi tatizo ni kadi ya picha. Kwenye Mint anza upya uchague hali ya utangamano kwenye menyu ya mwanzo. Wi-Fi isipoonekana, hasa yenye chipu ya Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti, kisha fungua kidhibiti cha draiva (programu zinazoendesha vifaa). Tovuti zikikataa kwa madai ya vyeti batili, tazama saa: ikiwa imerudi miaka nyuma, betri ya ubao mkuu imekufa. Kwa kawaida ni betri ya aina ya CR2032.

Tumefika kwenye faili zinazopotea. Wengi huhamishia kazi zao D: wakiamini ziko salama, kisha huchagua “futa diski na usakinishe”. Kwenye laptopu nyingi C: na D: ni vipande viwili vya diski moja, na chaguo hilo linafuta diski nzima. Kisakinishi huonya kabla ya kuendelea; tunaomba onyo hilo lisomwe. Nakala ziwe kwenye kifaa kilichochomolewa. Ukitaka kubaki na Windows pembeni, zima kwanza Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka), na kama diski ina BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri), hifadhi ufunguo wa urejeshaji nje ya kompyuta hiyo.

Kwa kompyuta yenye diski ya kuzunguka, njia tunayoipendelea ni kununua SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya SATA ya inchi 2.5. Chomoa diski ya zamani ikiwa na Windows yake na faili zake, iandike tarehe, iweke kando. Chomeka SSD, usakinishe humo. Linux isipokufaa, bisibisi moja inatosha kurudisha diski ya awali.