Kusoma matokeo ya British Open: dhana potofu kuhusu taji kongwe la skwoshi

Katika orodha ya mabingwa wa kiume wa British Open, mashindano makongwe ya skwoshi (mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi) yanayofanyika Uingereza, jina la Jahangir Khan wa Pakistan linajirudia mara 10 mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1991. Huenda ni uzito wa jina hilo unaowafanya wapenzi wengi wa skwoshi waipitie orodha nzima kwa haraka na kuisemea mambo ambayo yenyewe haiyasemi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba bingwa wa British Open ndiye bingwa wa dunia. Mashindano ya dunia yaliyowashirikisha wachezaji wa kulipwa yalianza 1976, na mshindi wa kwanza alikuwa Geoff Hunt wa Australia. Kabla ya mwaka huo taji la Uingereza lilihesabiwa kuwa kilele cha mchezo, na ndiyo sababu Hashim Khan, aliyelitwaa mara 7, huitwa bingwa wa dunia hata na watu wanaoijua skwoshi vizuri. Heshima hiyo anastahili, lakini taji lenye jina hilo halikuwapo enzi zake. Walipokuja Jahangir na Jansher Khan mataji yote mawili yalikuwapo, na hesabu zao zinapishana: Jahangir alishinda British Open mara 10 na ubingwa wa dunia mara 6, ilhali Jansher alishinda la kwanza mara 6 na la pili mara 8.

Jina la mashindano nalo hupotosha. Wapo wanaodhani kuwa ni ya Waingereza, au kwamba neno “Open”, yaani “wazi”, ni pambo tu. Maana yake ni kwamba wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa waliruhusiwa kukutana, na aliyenufaika zaidi na ruhusa hiyo katika miaka ya 1930 alikuwa F. D. Amr Bey, mwanadiplomasia wa Misri aliyecheza kama mchezaji wa ridhaa na kulitwaa taji mara 6. Tena mashindano hayakuanza kwa droo ya mtoano kama tunavyoyajua leo. Don Butcher alipata taji la kwanza kwa kumshinda mtu mmoja tu, Charles Read, katika mechi mbili zilizochezwa kwenye klabu mbili tofauti, kwa kuwa wakati huo bingwa alilitetea taji lake dhidi ya mpinzani aliyejitokeza kumkabili.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hufanyika kwenye pointi. Mwaka 1951 Hashim alimfunga Mahmoud Karim wa Misri katika fainali kwa 9-5, 9-0, 9-0, na msomaji wa leo huona mtu aliyezidiwa kila mara mpira ulipochezwa. Chini ya kanuni za wakati ule, pointi ilipatikana na mchezaji anayeanzisha mpira peke yake. Mpinzani akishinda pigo, yaani mpira uliochezwa mpaka mmoja akashindwa kuurudisha, alichopata ni haki ya kuanzisha, si pointi. Mtu angeweza basi kushinda mapigo mengi na bado akaandikiwa sifuri. Kanuni hizo ndizo zilizoruhusu Jahangir na Gamal Awad wa Misri kucheza kwa saa 2 na dakika 46 huko Chichester mwaka 1983, katika mashindano mengine, kwa seti nne tu. Leo kila pigo lina pointi na seti huishia 11, isipokuwa wachezaji wakifungana 10-10. Miguel Rodriguez wa Colombia alipomshinda Mohamed ElShorbagy katika fainali ya 2018, seti ya nne iliisha 11-2: hapo ndipo tunaweza kusema kwa hakika kwamba ElShorbagy alishinda mapigo mawili tu.

Miaka nayo ihesabiwe kwa uangalifu. Nick Matthew wa Uingereza alishinda 2009 na 2012, na wapo wanaosema alipoteza taji kisha akalirejesha. Mashindano hayakufanyika 2010 wala 2011, kwa hiyo alilitetea taji lake mara tu nafasi ilipopatikana. Mwaka 2020 pia hayakuchezwa, kwa sababu ya janga la Uviko-19.

Inabaki dhana kwamba Jahangir hakushindika kwa miaka yote 10 ya ubingwa wake. Kipindi chake cha kutofungwa kilikuwa kirefu kweli: baada ya Hunt kumshinda katika fainali ya British Open ya 1981, hakupoteza mechi mpaka Novemba 1986, Ross Norman wa New Zealand alipomwangusha katika fainali ya dunia mjini Toulouse. Kipindi hicho kilikuwa karibu nusu tu ya ule mfululizo. Mwaka 1987 alimshinda Jansher katika fainali ya British Open, na miezi michache baadaye Jansher huyohuyo akamtoa katika nusu fainali ya ubingwa wa dunia mjini Birmingham. Orodha ya British Open haina sehemu ya kuandika kipigo hicho.