Maneno marefu ya Kiingereza: tafuta kiishio, utaupata mkazo

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza kiambishi tamati, yaani kiishio cha neno, mkazo unasogea: NYUmba, nyuMBAni. Hatufundishwi hilo, tunakua nalo. Kiingereza nacho huhamisha mkazo kwa viambishi tamati, ila kila kiambishi kina amri yake.

Chukua PHO-to-graph. Ongeza -y, unapata pho-TO-gra-phy. Ongeza -ic, unapata pho-to-GRA-phic. Shina ni lilelile, tahajia yake haijaguswa, lakini mkazo umehama mara mbili. Tena irabu zinazokosa mkazo hufifia, nyingi zikawa sauti fupi ya katikati ya kinywa ambayo Kiswahili hakina. Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapopotea: neno wanalolijua vizuri kwenye karatasi linawapita masikioni.

Habari njema ni kwamba mazoea yetu yanatufaa kwa sehemu kubwa. Maneno yenye -tion na -ic huweka mkazo kwenye silabi iliyo kabla ya kiishio, yaani palepale tulipozoea: e-du-CA-tion, e-co-NO-mic. Yako yanayokaidi, kama A-ra-bic na PO-li-tics, lakini ni machache.

Shida inaanzia kwa -ity, -logy, -graphy na -cracy. Hapo hesabu silabi ya tatu kutoka mwisho: u-ni-VER-si-ty, tech-NO-lo-gy, de-MO-cra-cy. Hata neno refu kama responsibility halitishi: res-pon-si-BI-li-ty.

Kundi la tatu ni -ment, -ness, -ful na -ly. Hivi kwa kawaida havigusi mkazo. Kwa kuwa ni de-VE-lop, basi ni de-VE-lop-ment. Matamshi ya de-ve-LOP-ment, yanayosikika sana kwetu, ni sheria ya Kiswahili iliyovikwa neno la Kiingereza.

Walimu, naomba jambo moja: msichanganye silabi na mofimu (vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana) mnapoligawa neno ubaoni. Anapika ina silabi a-na-pi-ka, lakini mofimu zake ni a-na-pik-a. Vivyo hivyo, photography hutamkwa pho-to-gra-phy, ila imejengwa kwa photo, graph na -y. Mofimu hueleza maana na kuonyesha kiishio; silabi huongoza ulimi. Anza na mofimu, kisha hesabu silabi. Ukibaki na shaka, fungua kamusi inayoonyesha matamshi: kistari kidogo cha wima kilicho juu hukaa kabla ya silabi yenye mkazo.